Laptopu inakataa kuchaji hata kwa betri mpya, sasa skrini nyeusi kabisa. Niko Arua, nisaidieni

MwalimuWaArua · Jumamosi, saa 2:14 usiku

Habari zenu wanajukwaa. Nimeshatoa hela mara moja bila faida na naombwa nitoe tena, kwa hiyo nimeona nije huku kwanza.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Arua. Laptopu yangu ni ya mtumba, prosesa i5 kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) 8GB, betri yake inachomolewa kwa nyuma bila kufungua skrubu. Miaka mitatu imenitumikia vizuri. Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, yote ndani ya dakika kumi, na mashine ilikuwa kwenye chaja. Tangu siku hiyo taa ya kuchaji haiwaki. Nikichomeka chaja mashine inawaka, lakini inatambaa kama kinyonga. Kufungua faili moja ya alama ni dakika nzima. Nikichomoa chaja inazima papo hapo.

Fundi wa kwanza alipima chaja kwa mita, akanionyesha volti 19.5, akasema chaja ni nzima, betri ndiyo imekufa. Nikanunua kwake betri "mpya" kwa shilingi 160,000. Nayo haichaji. Fundi wa pili akaifungua, akakaa nayo siku mbili, akasema bodi imeungua, niandae 350,000. Nikamwambia anirudishie mashine yangu. Tangu inirudie ndiyo hata kuwaka imekataa: nabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi tii.

Ndani mna alama za tathmini endelevu za madarasa mawili, zile zinazochangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini hapa Uganda. Nakala nyingine sina. Ndiyo, najua, msinigombeze.

Kijana_Mbale · Jumamosi, saa 2:31 usiku

Pole madam. Betri ifunge vizuri kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), iweke kwenye friza masaa 12 halafu uichaji. Mjomba wangu alifanya hivyo, simu yake ikafufuka.

FundiWandegeya · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Mwalimu, usimsikilize huyo wa friza. Baridi haifufui seli za lithiamu. Utakachopata ni unyevu, maana ukiitoa tu inatoa jasho kama chupa ya soda, na hilo jasho linaingia ndani kwenye saketi. Kijana, mjomba wako alibahatisha.

Turudi kwenye mashine. Ninavyosoma maelezo yako, una magonjwa mawili, na mafundi wote wawili waliyachanganya. Moja ni la wiki tatu: mashine inapokea umeme lakini haichaji, tena inatambaa. Lingine ni la juzi: inawaka bila picha. Hili la juzi limezaliwa mezani kwa fundi, kwa sababu ilikwenda kwake ikiwa na picha ikarudi haina. Tuanze nalo, ndilo linalokutisha, na huenda ndilo dogo.

Alama zako usiziwazie vibaya. Hata bodi ingekufa kabisa, diski inatolewa, inawekwa kwenye kasha la USB na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine yoyote. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba usipotoa 350,000 kazi yako imepotea.

Fanya haya, uniletee majibu:

Washa mashine, subiri dakika moja, bonyeza Caps Lock. Taa yake ndogo inawaka na kuzima? Kama ndiyo, mashine iko hai na ugonjwa uko kwenye skrini. Kama haiitikii kabisa, mashine haijafika popote, imekwama mwanzoni kabla ya kuita picha.

Zima taa ya chumba, mulika skrini kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, ni mwanga wa skrini tu umekufa.

Chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. Mashine haina umeme wowote wakati huo, ila ndani kuna mabaki kwenye kapasita, na mabaki hayo wakati mwingine ndiyo yanayoiduwaza. Kisha chomeka chaja peke yake, bila betri, ujaribu tena.

Na maswali mawili. Kabla ya skrini kufa, ulikuwa unapata maandishi yoyote kila ukiwasha? Na ncha ya chaja yako, ukiichungulia ndani, katikati ina sindano nyembamba au ni tundu tupu?

MamaWaBusia · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Mimi nauza mitumba ya laptopu hapa mpakani, si fundi. Lakini hilo neno "bodi imeungua" nimelisikia mara nyingi mno. Wateja wananiletea mashine zilizohukumiwa kifo, kijana wangu anachomoa RAM, anaipangusa, anairudisha, mashine inawaka mbele ya mwenyewe. Wengine wanakasirika badala ya kufurahi.

MwalimuWaArua · Jumapili, saa 8:20 mchana

Nimetoka kanisani nikaanza kazi yenu moja kwa moja, chakula kimesubiri.

Caps Lock haiitikii. Tochi nimemulika, hakuna kitu, giza tu. Sekunde 30 nimeshikilia, nimejaribu chaja peke yake, hali ni ileile: taa, feni, kimya.

Maandishi, ndiyo! Tangu siku ile ya umeme nilikuwa napata sentensi ya Kiingereza kila nikiwasha, kwenye skrini nyeusi, kabla ya Windows. Nilikuwa nabonyeza kitufe wanachosema nibonyeze, napita. Ilisema kitu kama aina ya adapta haijulikani. Sikuijali kwa sababu adapta ilikuwa ni ileile.

Sindano ipo katikati. Nyembamba kama ya kushonea.

FundiWandegeya · Jumapili, saa 9:02 alasiri

Mwalimu, ungeandika hiyo sentensi jana tungeshalala mapema. Hao mafundi wawili waliiona? Najua hawakuiona, walipita kama wewe.

Kwanza RAM. Mashine za kizazi hicho nyingi zina kifuniko cha chini chenye skrubu chache, chako nadhani ni mbili. Toa chaja, toa betri, shikilia kitufe sekunde chache tena. Gusa chuma chochote kikubwa, dirisha au kitanda cha chuma, umeme wa mwilini uishe. Fungua. Utaona vibao viwili vya kijani vimelala kama kadi, kila kimoja kimebanwa na vishikizo viwili vya chuma pembeni. Tanua vishikizo, kibao kitajiinua chenyewe kwa mshazari. Kivute.

Pale chini pana safu ya meno ya dhahabu. Chukua kifutio cha penseli, kile cheupe cha wanafunzi wako, sugua meno taratibu pande zote, puliza vumbi la kifutio lisibaki. Usitumie msasa, usitumie mafuta ya taa (nimeyaona yote). Rudisha kibao KIMOJA tu. Kina pengo kwenye meno, lilinganishe na ulimi ulio kwenye tundu, kiingize kwa mshazari mpaka meno yasionekane, halafu kilaze chini mpaka usikie vishikizo vinalia ta! Visipolia, hujaingiza. Jaribu kuwasha. Ikikataa, badilisha kibao, badilisha tundu.

Dakika chache za kwanza inaweza kukaa kimya au kujizima na kuwaka yenyewe. Iache, inahesabu RAM upya.

Mzee_wa_Kisenyi · Jumapili, saa 9:30 alasiri

Sisi zamani redio ikikataa tulikuwa tunaipiga kofi. Naona kofi limeitwa kifutio sasa. Endeleeni vijana, nasoma.

MwalimuWaArua · Jumapili, saa 11:15 jioni

IMEWAKA. Banange, imewaka!

Nilipofungua tu nikaona mwenyewe: kibao kimoja kilikuwa kimesimama kidogo, hakijalala kama mwenzake. Kishikizo cha upande mmoja kilikuwa nje. Yule fundi alichomoa akarudisha nusu nusu. Nimesugua vyote viwili kwa kifutio cha binti yangu, nimeweka kimoja, giza dakika moja hivi, moyo unanienda mbio, kisha nembo ikatokea. Sasa vyote viwili vimo na mashine inasoma 8GB.

Lakini kuna kitu kipya. Tarehe inasema Januari 2013. Na nikiunganisha intaneti, karibu kila tovuti inakataa kufunguka, inaniambia muunganisho si salama. Hata barua pepe.

FundiWandegeya · Jumapili, saa 11:40 jioni

Hongera Mwalimu. Nusu ya kazi imekwisha na umetumia kifutio cha shilingi 500.

Tarehe: ndani kuna betri ya pili, ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, volti 3. Hiyo kazi yake ni kuikumbusha mashine saa na mipangilio ikiwa haina umeme mwingine. Ama imechoka, ama ilichomolewa haikurudishwa. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yako inaamini tuko 2013, vyeti hivyo kwake havijazaliwa. Rekebisha tarehe kwa mkono leo, tovuti zitafunguka. Ukiizima ikasahau tena, nunua hiyo sarafu. Duka lolote la saa linayo.

Sasa kuchaji. Hapa nitaongea kirefu, maana kila wiki naletewa mashine ya namna hii.

Chaja za Dell na za HP nyingi hazipeleki umeme tu. Ile sindano ya katikati inabeba habari. Ndani ya chaja, hasa ya Dell, kuna chipu ndogo yenye kumbukumbu, na mashine inapochomekwa inaiuliza kupitia sindano: wewe ni nani, wati ngapi? Chipu ikijibu wati 65 au 90, mashine inaridhika. Isipojibu, baadhi ya mashine hufanya mambo matatu kwa mpigo: zinaandika ile sentensi uliyokuwa unaipita, zinakataa kuchaji betri zisije zikavuta kuliko chaja inavyoweza, na zinapunguza mwendo wa prosesa mpaka chini kabisa. Umeme wa kuendeshea mashine unaendelea kuingia kama kawaida. Ndiyo maana iliwaka, ikatambaa, ikagoma kuchaji. Dalili zako zote tatu zina mzazi mmoja.

Sasa ona jinsi fundi wa kwanza alivyopotea. Ndani ya ile waya nyeusi mna njia tatu: ya kurudishia umeme (graundi), ya volti 19.5, na uzi mwembamba wa sindano. Mita yake ilipima zile mbili nene, ikampa 19.5, akaapa chaja ni nzima. Mita haikusema uongo, hakuiuliza swali la tatu tu. Uzi mwembamba ndio unaokatika kwanza, tena karibu kila mara pale shingoni, waya inapotoka kwenye plagi ndogo ya upande wa laptopu, ambapo watu wanakunja.

Uthibitisho ni rahisi. Washa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda ukurasa wa utendaji, tazama kasi ya prosesa. Ikiwa imeganda karibu na 0.8 GHz hata ukifungua mambo mengi, ndiyo hiyo. Halafu tafuta mtu mwenye chaja ya asili ya aina yako, yenye sindano, wati 65 au 90, uiazime dakika kumi.

MwalimuWaArua · Jumapili, saa 12:05 jioni

0.79. Nimefungua vitu sita kwa makusudi, namba imeganda palepale.

Na niungame. Siku ile umeme unacheza nilikimbia kuokoa mashine nikaichomoa kwa kuvuta waya. Nilivuta kwa nguvu.

Kijana_Mbale · Jumapili, saa 12:11 jioni

Haya sasa. Kumbe si umeme, ni mwalimu 😂

SolaMoroto · Jumapili, saa 1:50 usiku

Naongezea kidogo kwa sisi tunaotegemea jua. Ninaendesha laptopu kwa betri ya sola ya 12V, 100Ah. Kwa hesabu hiyo ni saa-wati 1,200, lakini betri ya asidi ukitaka ikae usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Laptopu inayokula wati 30 ingepata masaa 20 kwenye karatasi. Ukipitia inveta unapoteza sehemu njiani, na inveta za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi. Chaja inalia zzzz na kuchemka.

Nikanunua kile kichaja cha gari kinachopandisha 12V kuwa 19V moja kwa moja, bila inveta. Tatizo likawa hilihili la mwalimu: mashine inawaka, haichaji. Nilitukana sola, nikatukana jua lenyewe. Kumbe ncha ya kile kichaja sindano yake ni pambo, haina kitu nyuma yake. Nilipopata chenye chipu, shida ikaisha.

MamaWaBusia · Jumapili, saa 2:15 usiku

Fundi, nidandie hapahapa. Nina moja dukani, kile kibao cha kugusa kimeinuka, nikibonyeza hakishuki vizuri. Kijana anasema ni skrubu. Inawaka na inachaji vizuri tu.

FundiWandegeya · Jumapili, saa 2:22 usiku

Mama, izime SASA na chomoa chaja. Hiyo si skrubu, betri ya ndani imevimba na inasukuma kutoka chini. Gesi imejaa ndani ya seli. Usiibonyeze irudi, usiitoboe gesi itoke, usimuuzie mtu. Ifungueni taratibu, mtumie kitu cha plastiki badala ya bisibisi kuinyanyua. Ikishatoka ikae nje ya nyumba, kwenye ndoo ya mchanga, mbali na vitu vinavyowaka. Na tafadhali msiitupe kwenye shimo la choo wala kwenye takataka za kuchoma. Muulize fundi wa simu au duka kubwa la vifaa kama wanazikusanya.

MamaWaBusia · Jumapili, saa 2:30 usiku

Imezimwa. Kijana amenuna.

S6_Mbarara · Jumapili, saa 10:48 usiku

Samahani kuingilia, ya kwangu ni HP, taa ndogo ya Caps Lock inawaka mara tatu inatulia, mara tatu inatulia. Haina picha. Nifanyeje?

Msimamizi · Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

S6, fungua uzi wako, uandike modeli kamili iliyo chini ya mashine. Mimweko hiyo ni lugha, lakini maana yake inabadilika modeli kwa modeli. Wakati unasubiri, jaribu RAM kama alivyoelekezwa mwalimu.

MwalimuWaArua · Jumatatu, saa 11:30 jioni

Mhasibu wa shule ana laptopu ya ukoo mmoja na yangu. Nilimwomba chaja yake wakati wa chai. Nimechomeka: taa ya kuchaji ikawaka palepale, ile sentensi haikutokea, prosesa ikapanda 2.9. Nilikaa naitazama kama anayetazama mtoto akilala.

Nikachukua chaja yangu, nikaikunja pale shingoni kama ulivyosema, nikaishikilia kwa pembe fulani. Taa ikawaka. Nikaiachia, ikazima. Basi hakuna bodi iliyoungua, na 160,000 zangu zimekwenda kwa betri ambayo sikuihitaji.

Au niliihitaji? Maana sasa nina betri mbili, ya zamani na ile "mpya". Nijue vipi ipi ni nzuri?

FundiWandegeya · Jumatatu, saa 2:00 usiku

Chaji moja mpaka ijae kwa chaja ya mhasibu. Kisha kwenye Windows tafuta dirisha la amri, andika

powercfg /batteryreport

Itakutengenezea ukurasa na kukuambia umehifadhiwa wapi. Humo tafuta namba mbili: uwezo wa kiwandani, na uwezo wa sasa betri ikijaa. Zote zinahesabiwa kwa mWh. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Zima, weka betri nyingine, rudia.

Ila ripoti inasoma kile ambacho chipu ya betri inasema, na kuna pakiti zinazotengenezwa kwa seli za mtumba na kuvalishwa koti jipya lenye chipu inayodanganya. Kwa hiyo baada ya ripoti, itumie mpaka iishe, uangalie saa ya ukutani. Betri ya uongo ina mtindo wake: inasema 40%, 38%, halafu pu, mashine imezima.

MwalimuWaArua · Jumanne, saa 3:25 usiku

Majibu haya hapa.

Ya zamani: kiwandani 64,380, sasa 38,850. Nimegawanya, ni kama 60%. Nimefanyia kazi masaa mawili na dakika ishirini bila chaja.

"Mpya" ya 160,000: kiwandani 57,720, sasa 24,198. Hiyo ni 42%. Ilifika 35% ikazima bila kuaga. Dakika 48 jumla.

Mpya imechakaa kuliko ya zamani! Na kwa jinsi ilivyong'aa, hata karatasi yake ya plastiki bado iko juu.

Mzee_wa_Kisenyi · Jumanne, saa 3:41 usiku

Mrudishie. Usiende peke yako, nenda na mhasibu, wahasibu wanaogopwa. Beba hiyo karatasi ya namba.

Kijana_Mbale · Jumanne, saa 3:50 usiku

Madam, betri mpya si inatakiwa ichajiwe masaa 8 kabla ya kutumika mara ya kwanza? Labda ndiyo sababu.

FundiWandegeya · Jumanne, saa 4:12 usiku

Hiyo ilikuwa sheria ya betri za nikeli, za enzi za simu zenye antena. Lithiamu haina jando. Inachopenda ni kukaa katikati, kati ya 20 na 80 hivi, na haipendi joto. Mwalimu, ninyi wa Nile Magharibi joto mnalo la kutosha, usiiweke mashine kitandani juu ya godoro ikapumulia blanketi. Kama muda mwingi inakaa kwenye chaja, ingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine, kabla ya Windows) kwa F2 wakati wa kuwasha, mashine zenu nyingi zina sehemu ya betri yenye chaguo la watumiaji wa umeme wa ukutani. Ukilichagua haitakuwa inajaza mpaka juu kila mara.

Chaja: nina ya asili ya wati 90 hapa, imetoka kwenye mashine iliyokufa kwa maji, chipu yake nzima, nimeijaribu. 50,000 pamoja na nauli ya kifurushi. Usinitumie kwanza, ikifika ijaribu, ndipo utume kwa simu. Naipakia kwenye basi la usiku kesho.

MwalimuWaArua · Ijumaa, saa 2:05 usiku

Kifurushi kilifika jana alfajiri, nilikipokea kituoni kikiwa kimefungwa gazeti na gundi ya karatasi. Chaja inafanya kazi. Hela nimetuma, Fundi, angalia simu yako. Awa'difo, yaani asante, kama tunavyosema huku.

Yule wa betri nilimwendea na mhasibu. Alibisha kidogo, akaitazama karatasi, akamtazama mhasibu, akarudisha 100,000. Hizo 60,000 anasema ni "za kufungulia". Betri yenyewe ilikuwa haifunguliwi, inachomekwa kwa nje! Nimeziacha, nina kazi.

Alama zote nimeshaziingiza na nakala mbili nimezitoa, moja kwenye flashi, moja kwa mhasibu. Sarafu ya saa nimenunua 4,000 kwa fundi wa saa sokoni, tarehe haisahau tena.

Umeme umekatika hapa nikiwa naandika mstari huu. Pangaboi limesimama. Laptopu inasema 71%.

FundiWandegeya · Ijumaa, saa 2:09 usiku

Chomoa chaja ukutani sasa hivi, kabla haujarudi. Ukirudi, subiri dakika tano utulie.

MwalimuWaArua · Ijumaa, saa 2:10 usiku

Nimechomoa. Nimeshika plagi, siyo waya.